Umeshakula?

Wazee wa Guangzhou wakikutana ngazini hawaulizani habari za asubuhi. Kwa Kikantoni, lugha yao ya nyumbani, huulizana: "Sik jo faan mei a?" Maana yake ni: umeshakula wali au bado? Nilipofika jijini hapa mwaka 2011 kusomea ualimu wa michezo, jirani yangu wa ghorofa ya chini aliniuliza hivyo kila siku, na nilijifunza upesi kwamba jibu la adabu ni moja tu: nimeshakula, asante. Unajibu hivyo hata kama tumbo ni tupu, kama vile kwetu mtu anavyojibu "salama" huku ana mgonjwa ndani.

Leo mimi ni kocha wa mbio. Nina wasichana kumi na wanane, wa miaka 13 hadi 23, na karibu kila alfajiri tunakutana kisiwani Ersha, kwenye njia inayofuata Mto Zhujiang. Swali la jirani yangu nimelifanya chombo cha kazi. Namuuliza kila msichana kabla hajafunga kamba za viatu, na jibu la adabu silipokei. Nataka kujua amekula nini, saa ngapi, kiasi gani. Kisha namwita pembeni na kumuuliza swali la pili, ambalo makocha wengi hulionea haya: mwezi huu umeona siku zako?

Maswali hayo mawili sikuyapata darasani. Niliyalipia kwa mguu wangu.

Nilizaliwa Mbulu, mkoani Manyara, kwenye nyanda za juu ambako mtoto hukimbia kwenda shule bila kujua kuwa anafanya mazoezi. Nyumbani tulikula ugali, makande, mboga na maziwa ya mgando, na hakuna aliyehesabu matonge. Nilipotimiza miaka 18 nilichukuliwa kwenye kambi ya mbio. Huko ndiko niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mwili wangu ni mzito. Tulipimwa kila Jumamosi mbele ya wote, na aliyeongezeka hata nusu kilo alikatiwa ugali wa usiku. Niliacha maziwa, nikaacha mafuta, nikawa nakunywa chai ya rangi alfajiri na kukimbia kilomita 15 juu yake. Muda wangu ukashuka. Kila mtu alifurahi, na mimi nilifurahi kuliko wote.

Mwezi wangu wa nne kambini hedhi yangu ilikatika. Nilimwambia dada mmoja aliyenitangulia kambini. Akanishika bega akasema, "Usiogope, mdogo wangu, sasa umekuwa mwanariadha kamili. Mimi huu ni mwaka wa pili." Nilipokea maneno yake kama cheti. Nilikaa miezi 14 bila kuona siku zangu, na mama sikumwambia.

Maumivu yalianza kwenye muundi wa mguu wa kushoto, mahali padogo ambapo ningeweza kupafunika kwa kidole gumba. Mwanzoni yalikuja kilomita ya nane na kuondoka nikipumzika. Wiki ya tatu yalikuja kilomita ya pili. Wiki ya tano yaliniamsha usiku. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, nikaambiwa ni misuli, nikarudi uwanjani. Siku kumi baadaye, katikati ya mzunguko, nilisikia mguu ukilia kama kijiti kikavu, nikaanguka. Nilikuwa na miaka 19. Sikushindana tena.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa nilivunjika kwa sababu nilikimbia mno. Nilifumbuliwa macho hapa Guangzhou, maktabani. Mwaka 1984 Barbara Drinkwater na wenzake wa Marekani walipima mifupa ya wanariadha wanawake waliokatika hedhi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 25 hivi, lakini madini katika pingili za uti wa mgongo wao yalilingana na ya wanawake wa miaka 51. Nilikisoma kifungu hicho mara tatu. Nikamkumbuka yule dada wa kambini na mwaka wake wa pili.

Kinachotokea ni hiki. Mfupa si jiwe. Usiku na mchana kuna seli zinazoubomoa pale palipochakaa, na nyingine zinazojenga upya mahali hapo. Kukimbia huchochea kazi zote mbili, na ndiyo maana mkimbiaji anayekula vizuri huimarika mifupa. Lakini ujenzi unataka chakula, na unataka homoni ya estrojeni, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuwazuia wale wabomoaji wasizidi kipimo. Chakula kinachobaki baada ya mazoezi kisipotosha, ubongo hugawa kama mama mwenye unga kidogo na watoto wengi: moyo na mapafu kwanza, uzazi utasubiri. Ishara za kuamsha ovari hupungua, estrojeni hushuka, hedhi hukatika. Wabomoaji hubaki bila msimamizi. Msichana anaendelea kukimbia juu ya mfupa usiorudishiwa kilichotolewa, na ufa mdogo ambao ungezibwa bila yeye kujua unaanza kupanuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfupa wa binti anayekimbia, maneno hayo ni ya kweli jinsi yalivyo.

Umri nao ni jambo kubwa. Takriban robo ya madini yote ya mfupa wa mtu mzima huwekwa ndani ya miaka miwili tu, ile ambayo mtoto anarefuka kwa kasi, na kwa wasichana wengi ni kati ya miaka 11 na 14. Afikapo 18, sehemu kama tisa kwa kumi imeshaingia. Kwetu mahindi hujazwa kihengeni wakati wa mavuno. Aliyepitwa na mavuno hawezi kujaza kihenge mwezi wa njaa. Nami ninaletewa wasichana wakiwa katikati ya mavuno yao, na wazazi wanachoniuliza ni sekunde.

Ipo hesabu ambayo wanangu wote huifanya wenyewe, kwa kalamu. Chukua nishati ya chakula cha siku, toa iliyotumika mazoezini, gawa inayobaki kwa kilo za mwili bila mafuta yake. Kilokalori 45 kwa kila kilo zinatosha. Chini ya 30, kama majaribio ya mtafiti Anne Loucks yalivyoonyesha, ishara za homoni za uzazi huyumba ndani ya siku tano tu. Sasa mchukue binti wa kilo 48, ambaye bila mafuta ana kilo 39 hivi. Akikimbia kilomita 10 anatumia karibu kilokalori 480. Akila 1,500 kwa siku nzima, anabakiwa na 1,020, yaani 26 kwa kilo. Binti huyo haonekani mgonjwa. Anakimbia, anacheka, anasifiwa kwa nidhamu yake.

Mwaka 2018 nililetewa mmoja wa namna hiyo. Mtihani wa kumaliza sekondari ya chini hapa una alama za michezo, na wasichana hukimbia mita 800. Alikuwa na miaka 15, mrefu wa sentimita 166, kilo 46. Mama yake alitaka nimwongezee kasi. Mtoto mwenyewe alikuwa na sharti lake la siri. Kuna usemi wa Kichina unaozunguka sana kwa wasichana: "hao nü bu guo bai", mwanamke mwema hazidi mia. Mia hiyo ni ya jin, kipimo cha sokoni ambacho ni nusu kilo, kwa hiyo mwanamke mwema hazidi kilo 50, awe mfupi au mrefu, awe anakaa au anakimbia.

Nilimuuliza amekula nini. Akajibu kwa adabu. Nikamuuliza tena, taratibu, mpaka siku nzima ikakaa mezani: asubuhi bakuli la uji mweupe wa wali, mchana sahani ya caixin, mboga ya majani, iliyochemshwa, jioni tango. Uji wa Guangzhou ni mzuri, nami naupenda. Lakini ule mweupe ni maji mengi na wali kidogo. Unajaza tumbo na kufunika njaa. Mkimbiaji akiutegemea peke yake anakwenda uwanjani mtupu bila kuhisi kuwa mtupu. Tena alitembea na mwavuli kila mahali ili asiguswe na jua, kwa sababu ngozi nyeupe ndiyo urembo, na jua hilo ndilo linalotengeneza vitamini D mwilini, ambayo bila hiyo utumbo haupokei kalsiamu ipasavyo. Na kalsiamu yenyewe ni haba China nzima: uchunguzi wa lishe wa taifa umeonyesha mara kwa mara kwamba mtu mzima hupata chini ya miligramu 400 za kalsiamu kwa siku, wakati zinazoshauriwa ni 800. Binti anayekua anahitaji zaidi ya hapo.

Swali langu la pili alilijibu mama. Alisema mtoto hajavunja ungo, na kwamba amesikia wakimbiaji huchelewa. Nilimwambia kwa upole, lakini bila kupunguza neno: "Mama, akifika miaka 15 hajavunja ungo, hapelekwi uwanjani. Anapelekwa kwa daktari."

Alishtuka, kisha akajitetea kama mama yeyote anayependa mwanawe. Kila Jumapili, alisema, humpikia supu ya mifupa kwa saa tatu. Wakantoni wanaheshimu sana supu hiyo ya moto wa polepole, na wanaamini kwamba umbo hulisha umbo lake: kula mfupa uimarishe mfupa. Maneno hayo yalinigusa, kwa sababu nilipokuwa kitandani na mguu ndani ya plasta, mama yangu alinichemshia makongoro kwa miezi mitatu kwa imani hiyohiyo. Bahari nzima inatenganisha Mbulu na Guangzhou, na sufuria zinasema jambo moja. Sikumwambia aache supu yake. Nilimweleza kwamba kalsiamu hubaki kwenye mfupa sufuriani, na inayoshuka kwenye mchuzi ni kidogo sana. Nikamwomba mchuzi huo uje na nyama yake, na doufu ya soya, na bakuli lililojaa wali, na usiwe wa Jumapili peke yake.

Sihitaji kuagiza chakula kutoka mbali. Jiji hili limejaa dawa sokoni. Doufu ya kusini hugandishwa kwa jasi, ambayo yenyewe ni chumvi ya kalsiamu. Mboga za majani za caixin na jielan zina kalsiamu ambayo mwili huipokea kwa urahisi, tofauti na spinachi inayoishikilia yake. Shawan, wilayani Panyu, kuna maziwa ya nyati ambayo humiminwa ya moto juu ya maji ya tangawizi yakaganda ndani ya dakika chache, laini kama mtindi. Wachina wengi watu wazima tumbo lao hukataa maziwa ya kawaida, lakini mtindi huuvumilia. Wale wanaotoka Afrika Mashariki nawakumbusha uji wa ulezi, nafaka yenye takriban miligramu 340 za kalsiamu kwa kila gramu 100, na dagaa wanaoliwa na miiba yao, na sukuma wiki. Bibi zetu walikuwa na maduka ya dawa vibandani mwao.

Miezi minane baadaye binti yule alikuwa na kilo 52. Usiku mmoja mama yake alinitumia ujumbe wa maneno machache: imekuja. Nilikaa kitandani nikalia. Mtihani wake aliukimbia kwa muda wa kawaida, akafaulu, na mpaka leo anakimbia kwa sababu anapenda.

Msije mkadhani kwamba haya ni mambo ya urembo tu. Msichana aliyenifundisha zaidi ya wote alikuwa mwanafunzi kutoka Bonde la Ufa, Kenya, wa miaka 21. Alikuwa anasoma hapa na kukimbilia zawadi za fedha wikiendi. Marathoni ya Guangzhou ilianza mwaka 2012, na miji ya jirani nayo ina mbio zake, kwa hiyo mwenye miguu hakosi pa kujaribu. Alinijia akichechemea, ameshika kinena.

"Mwalimu, ni misuli tu."

"Umeshakula?"

"Nimekula."

"Nini?"

Akanyamaza. Kisha akasema anakula mara moja kwa siku, tambi za pakiti, saa mbili usiku. Fedha nyingine hutuma nyumbani. Akaniangalia machoni: "Nikila mara tatu, Mwalimu, mdogo wangu hasomi."

Siku zake hakuwa ameziona kwa miezi tisa. Sikumruhusu akimbie hata hatua moja. Kipimo cha MRI kilionyesha ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, mahali pa hatari kubwa kwa mkimbiaji, kwa sababu ufa ule ukipita upande wa pili, skrubu hazikwepeki, na kichwa cha mfupa kinaweza kufa kwa kukosa damu. Aliwekwa kwenye magongo wiki nane. Mama mmoja mwenye mgahawa Xiaobei, mtaa wanakokusanyika Waafrika wengi, alisikia habari zake na kumwekea sahani kila siku: wali, maharage, nyama na maziwa. Tulichanga. Mama yule alikuwa akimwambia, "Kula, mwanangu. Deni ni letu na kocha wako." Alirejea kukimbia baada ya miezi saba, na siku zake zilitangulia kurudi.

Kwetu bado wapo wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti juu ya wasichana wakimbiaji wa Kenya walio katika ujana, na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Uliwaona wako hatarini kwa upungufu wa nishati, kuvurugika kwa hedhi na ulaji usio wa kawaida. Na wapo wanaosema ni maradhi ya maskini. Mary Cain wa Marekani alifika fainali ya mita 1500 ya mashindano ya dunia Moscow mwaka 2013 akiwa na miaka 17. Mwaka 2019 alieleza hadharani jinsi alivyosukumwa akonde, akakosa hedhi miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Aliyekosa fedha ya chakula na aliyekatazwa chakula mifupa yao huvunjika kwa njia moja. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua tatizo hili mwaka 2014 kuwa ni upungufu wa nishati unaougusa mwili mzima, na ikasema wavulana nao wanaupata. Msichana ana bahati moja ambayo mvulana hana: mwili wake humpelekea taarifa kila mwezi.

Kwa hiyo kikundi changu kina taratibu zake. Mizani haipo uwanjani. Hakuna anayekimbia kabla ya kuweka kitu tumboni, hata ndizi moja au mantou, mkate wa mvuke wa Kichina, na hakuna anayeondoka bila kula ndani ya nusu saa. Kuanzia Juni mpaka Septemba joto na unyevu wa Guangzhou huua hamu ya chakula, basi tunajimwagia maji kwanza, kisha tunakula pamoja, nikiwa nimekaa nao. Aliyekosa siku zake miezi mitatu anaacha mazoezi makali na kwenda hospitali. Anayeumwa mahali pa ukubwa wa kidole gumba anasimama siku hiyohiyo, na eksirei ikionyesha hakuna kitu, tunaomba MRI, kwa sababu ufa mchanga eksirei haiuoni. Akipewa vidonge vya uzazi wa mpango ili damu irudi, namweleza yeye na mzazi wake kwamba damu ya vidonge si dalili kuwa mwili umepona, na mfupa haujengwi nayo. Dawa ya kwanza ni chakula. Mara mbili kwa wiki hatukimbii kabisa: tunabeba vyuma, tunaruka kamba, na tunacheza rede kama nilivyocheza uwanjani kwetu, maana mfupa hupenda kurukishwa na kugeuzwa kila upande kuliko kugongwa njia moja tu kilomita hadi kilomita.

Taratibu hizi zina gharama. Wazazi wawili waliwaondoa watoto wao kwangu kwa sababu waliongezeka kilo. Msichana mmoja aliniambia kikundi kingine kinampa matokeo ya haraka, na ni kweli, kwa miezi michache kilimpa. Mimi pia niliwahi kupewa matokeo ya haraka.

Nawaandikia makocha wenzangu wa Mbulu, Arusha, Iten na Kapchorwa, na kila mwalimu wa shule mwenye filimbi na saa. Wengi wenu ni wanaume, na najua swali la hedhi linawapa haya. Mtafuteni mama, muuguzi au mwalimu wa kike aliulize kwa niaba yenu, lakini liulizwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wasichana wetu tumewafundisha kuficha.

Mama, mwanao akirudi kutoka kambini amekonda na watu wanamsifu, mkalishe jikoni umuulize lini ameona siku zake.

Nawe binti unayekimbia, hedhi iliyokatika si cheti cha uanariadha. Ni mwili wako unaokuomba chakula, na usipoujibu utachukua kwenye mifupa. Kesho alfajiri, kabla hujafunga kamba za viatu, jiulize swali la wazee wa Guangzhou, na usijipe jibu la adabu: umeshakula?